Okapi, Jina Lililotoka Msitu wa Beni

Mhadhara uliotolewa mjini Butembo mbele ya walimu, wanafunzi, watumishi wa mazingira na wajumbe wa vijiji vya teritware ya Beni. Umechapishwa karibu kama ulivyosemwa.

Nawashukuru kwa namna ya pekee wazee waliotoka Oicha na Mbau, maana barabara ile naijua, na najua mtu anayeisafiri siku hizi anawaacha wa nyumbani kwake na wasiwasi gani. Wazee wangu, mengi nitakayosema leo ni mali yenu. Nikipita njia isiyo yenyewe, mnisimamishe hapa hapa.

Mwaliko huu ulianza na swali la wanafunzi. Walikuwa wakisoma juu ya wanyama waliotoweka duniani wakakutana na jina kwagga. Wakaelezwa kwamba ni neno la Kiafrikaans, lugha ya Afrika Kusini iliyozaliwa na Kiholanzi. Wakataka kujua maana yake ni nini na linatumikaje. Nilipoanza kulitafuta jibu, nikaona kwamba jina lile la kusini haliwezi kuelezwa vizuri katika ukumbi wa Butembo bila kuweka kando yake jina jingine ambalo limetoka msituni kwetu, likaingia katika lugha zote za dunia, nasi tunalitamka kila siku bila kukumbuka limetoka kwa nani. Jina hilo ni okapi.

Kusudi langu ni kuonyesha jambo moja tu. Mnyama mwenye jina lake mwenyewe, linalojulikana na kutumika barabara, akianza kupungua watu wanatambua. Mnyama ambaye jina lake limelegea, likawa la kila kinachofanana naye, anaweza kumalizika huku watu wakiendelea kumtaja. Nina hoja nne. Ya kwanza na ya pili zitachukua nafasi kubwa, basi mniwie radhi.

Hoja ya kwanza: kwagga

Kwagga alikuwa punda milia wa kusini kabisa mwa Afrika, katika nchi kavu ya Karoo na sehemu ya Free State. Kichwa, shingo na mabega yake vilikuwa na milia. Kuelekea nyuma milia ilififia, na mapaja yake yalikuwa ya rangi ya kahawia tupu. Jina lake halikuanza kwa wakulima wa Kizungu. Lilikuwa la Wakhoikhoi, wenyeji wa nchi ile, nao walilitoa katika mlio wa mnyama mwenyewe. Mtu akilitamka vizuri, kwa ile gh nzito ya kooni, anasikia mnyama anavyolia.

Walowezi wa Kiholanzi mara nyingi walikuwa na desturi nyingine. Walipomwona mnyama wasiyemjua, walimwita kwa kitu walichokiacha kwao. Muhanga, yule mchimba mashimo anayekula mchwa, wakamwita nguruwe wa ardhi, na jina hilo, aardvark, ndilo lililoenea hata katika vitabu vya Kiingereza. Kwa kwagga walifanya vema zaidi: walichukua jina la wenyeji. Lakini wakalitumia kwa punda milia wote. Aliyekuwa na milia mwili mzima, akaitwa kwagga. Yule wa kahawia, kwagga vilevile. Mpaka leo katika Kiafrikaans kwagga ni punda milia wa kawaida wa nyikani, anayeonekana kwa maelfu.

Sasa tazameni kilichofuata. Kwagga wa kweli aliwindwa kwa nyama na kwa ngozi, na aliwindwa pia kwa sababu alikula majani ambayo walowezi walitaka yabaki kwa kondoo na mbuzi wao. Kufikia mwisho wa miaka ya 1870 hakubaki hata mmoja porini. Wa mwisho kabisa alikuwa jike katika bustani ya wanyama ya Amsterdam. Alikufa tarehe 12 Agosti 1883. Siku ile hakuna aliyejua kwamba aina nzima ya mnyama imekwisha. Bustani iliomba itafutiwe mwingine, maana kutoka kusini habari za kwagga zilikuwa bado zinakuja kila siku: kwagga wameonekana huku, kwagga wamepigwa kule. Ni kweli walionekana, ila hawakuwa yeye. Sheria ya Koloni ya Cape iliyomtaja miongoni mwa wanyama wa kulindwa ilitoka 1886, naye alikuwa ameshakwisha miaka mitatu.

Naomba tukae kidogo hapa. Bunduki ndiyo iliyomuua kwagga, hilo halina ubishi. Jina halikuua. Lakini ulegevu wa jina uliziba macho ya wale ambao pengine wangepiga kelele. Mchungaji wa kondoo, mwandishi wa gazeti, ofisa wa serikali, msimamizi wa bustani kule Ulaya, wote walikuwa na neno moja kwa wanyama wawili, na mmoja alipoondoka neno halikubaki na pengo.

Mwaka 1984 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walitoa vinasaba katika nyama kavu iliyokuwa imeng'ang'ania ngozi ya kwagga iliyohifadhiwa. Alikuwa mnyama wa kwanza kati ya waliotoweka kusomwa kwa njia hiyo, na baadaye ikaonekana kwamba ni ndugu wa karibu sana wa punda milia wa kawaida. Tangu 1987 kuna watu Afrika Kusini wanaozalisha punda milia wenye milia michache, kizazi baada ya kizazi, ili wapatikane wanaofanana naye kwa sura. Sitawabeza. Lakini kazi ya kumtengeneza anayefanana na aliyekwenda ni ndefu kuliko ile ya kumtambua aliye hai bado.

Wanafunzi wapendwa, hilo ndilo jibu la swali lenu juu ya maana na matumizi. Kwagga maana yake ya kwanza ni mlio wa mnyama mmoja. Matumizi yake ya baadaye yaliufunika mlio huo.

Hoja ya pili: okapi

Sasa turudi nyumbani.

Henry Morton Stanley alipita msitu wa Ituri kati ya 1887 na 1889 akienda kumtafuta Emin Pasha. Katika kitabu alichotoa 1890 aliandika, kwa maneno machache tu, kwamba Bambuti wanamjua mnyama kama punda, wanamwita atti, na humnasa katika mashimo. Alishangaa punda anakula nini katika msitu usio na majani ya malisho. Habari hiyo ilimkaa moyoni Mwingereza mmoja, Harry Johnston, ambaye mwaka 1899 alitumwa Uganda kuwa kamishna maalumu wa serikali yake.

Mwaka 1900 Mjerumani mmoja mfanya maonyesho alikuwa amewachukua Bambuti kutoka msitu huu ili awapeleke Paris, waonyeshwe mbele ya watu katika maonyesho makubwa ya dunia ya mwaka ule. Wazee wangu mlioketi mbele, najua si habari nyepesi kuisikia. Watu, waume na wake, walikuwa wanapelekwa kutazamwa. Johnston aliwatoa mikononi mwa yule mtu akaahidi kuwarudisha kwao, na kabla ya safari walikaa kwa muda Uganda. Hapo ndipo alipowauliza juu ya punda wa Stanley. Walimweleza mnyama mwenyewe: mwili mweusi wa kahawia, miguu yenye milia, masikio makubwa. Elimu yote iliyokuja kuandikwa baadaye London ilianza katika mazungumzo yale, na waliofundisha walikuwa watu waliotekwa, wakiwa njiani kurudi nyumbani.

Msafara wao ulivuka Semliki ukafika ngome ya Beni, ambayo Wazungu wa wakati ule waliandika Mbeni. Ngome ile ilikuwa katika bonde la Semliki, si pale mji ulipo leo. Maofisa wa Dola Huru ya Kongo waliokuwa pale walimwambia Johnston kwamba mnyama huyo wanamfahamu vizuri. Nyama yake imeliwa ngomeni. Askari wenyeji wamekata ngozi yake yenye milia wakaifanya mishipi na mikanda ya risasi. Johnston akaona vipande hivyo viunoni mwa askari, akapewa viwili.

Kisha aliingia msituni na waongozaji. Walimwonyesha nyayo zenye kwato mbili. Yeye alikuwa ameshaamua moyoni kwamba anatafuta farasi wa msituni, na farasi ana kwato moja, kwa hiyo akadhani waongozaji wanampeleka kwenye nyayo za pofu. Hakuamini. Homa ikamrudisha nyuma, na hakumwona okapi.

Vile vipande viwili vya ngozi vilifika kwenye Chama cha Zuolojia cha London, na mapema 1901 Philip Sclater akampa mnyama jina la kisayansi: Equus johnstoni, yaani mnyama wa jamii ya farasi na punda milia. Mnaona jinsi jambo lilivyokaribia kuharibika. Kwa kuangalia milia peke yake, wakubwa wa elimu walimtia okapi katika zizi lilelile la kwagga.

Ofisa aliyeahidi kumtafutia Johnston ngozi nzima aliitwa Meura. Alifariki kabla ya kutimiza ahadi. Aliyeitimiza ni Msweden aliyekuwa mkuu wa ngome ya Beni, Karl Eriksson, ambaye mwaka huo wa 1901 alituma ngozi nzima na mafuvu mawili ya kichwa. Mafuvu yakasema yaliyobaki. Meno na mifupa ile haikuwa ya farasi hata kidogo. Ilikuwa ya mnyama wa jamii ya twiga. Waongozaji wa msituni walikuwa wamesema kweli tangu mwanzo: kwato zake ni mbili. Ray Lankester wa makumbusho ya London akaweka jenasi mpya akaiita Okapia, na tangu hapo jina kamili likawa Okapia johnstoni.

Nusu ya pili ya jina hilo ni heshima kwa Johnston. Nusu ya kwanza ni yetu, na ndiyo ninayotaka tuitazame. Inatoka katika lugha ya Bambuba, wale wanaoishi kaskazini ya Beni kuelekea Oicha na Eringeti, ambao husema okapi, au katika Kilese cha Karo, ambacho husema o'api. Bambuti husema vilevile o'api, na mahali ambapo sisi tunatia k, sauti hukatika kooni kidogo. Ukimwambia Mjapani okapi, anakuelewa. Mrusi anakuelewa, na msemaji wa Kiafrikaans pia. Katika lugha zote hizo neno ni lile moja la Bambuba. Ni lugha ndogo kwa idadi ya wasemaji, lakini katika karne nzima hakuna aliyepata neno bora la kuweka mahali pake.

Na kwa nini lilidumu? Kwa sababu lilikuwa na mnyama mmoja tu ndani yake. Waliolitumia walijua kwamba okapi hutembea peke yake, kwamba hula majani ya miti mingi tofauti akiyavuta kwa ulimi mrefu wa rangi ya bluu nyeusi unaoweza kufika hadi machoni na masikioni mwake, kwamba jike ni mkubwa kuliko dume na hana pembe, dume anazo mbili fupi. Jike hubeba mimba zaidi ya miezi 14. Ndama akizaliwa hufichwa kichakani wiki nyingi, na katika mwezi wa kwanza hivi hapati choo, jambo linalowanyima chui harufu ya kumfuata. Mwindaji asiyemwita kwa jina lake asingeyakusanya hayo yote.

Hoja ya tatu: jina lilivyosambaa

Hapa nitapita haraka, maana mnayajua. Jina okapi limepanda juu ya mambo mengi. ICCN, taasisi ya taifa inayosimamia parke na hifadhi zetu, ina okapi katika nembo yake. Noti za faranga zetu, ukiziinua kwenye mwanga, utaona kichwa cha okapi ndani ya karatasi. Tarehe 25 Februari 2002, siku ileile mazungumzo ya Wakongomani yalipofunguliwa Sun City, Afrika Kusini, ilianza kurusha matangazo Radio Okapi, iliyoanzishwa na Umoja wa Mataifa pamoja na Fondation Hirondelle. Nchi ilikuwa imekatwa vipande. Kinshasa ilikuwa na serikali yake, Goma na yake, nasi wa Beni na Butembo tulikuwa chini ya kundi la waasi la RCD-K/ML. Walitafuta jina ambalo halikuwa la upande wowote, na wakachukua la mnyama anayeishi Kongo peke yake. Watu wengi katika ukumbi huu walijua habari za vita na za amani kupitia neno hili la Bambuba.

Huko Afrika Kusini, nchi ya kwagga, okapi ni kitu kingine. Kuna kisu cha kukunja kiitwacho Okapi, kilichoanza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 ili kiuzwe katika makoloni ya Afrika, na sasa hutengenezwa Afrika Kusini. Mtu akitaja okapi katika mitaa ya kule, anayemsikia hufikiria kisu kwanza. Jina lilihama msituni mwaka mmoja tu baada ya kuandikwa London, likawa la chuma.

Sina shida na redio, noti wala nembo. Ninachowaomba mkipime ni hiki: mtoto wa Butembo akiulizwa leo okapi ni nini, atajibu redio. Nimewauliza wengi. Baadhi yao hawajui kwamba mnyama mwenyewe yuko katika teritware ya Beni, ng'ambo ya Semliki.

Maana yupo. Katika parke ya Virunga, iliyoanzishwa 1925, okapi hakuwa amerekodiwa rasmi tangu 1959. Wengi walikuwa wameshaandika kwamba upande huu amekwisha. Mwaka 2006 zikaonekana dalili zake katika msitu wa Watalinga, na 2008 kamera zilizotegwa na ICCN pamoja na Chama cha Zuolojia cha London zikampata. Ni chama kilekile kilichopokea vile vipande viwili vya mkanda wa askari mwaka 1901. Ndicho pia ambacho katika bustani yake, karibu na 1870, alipigwa picha kwagga mmoja, jike, wa pekee anayejulikana kupigwa picha akiwa hai. Katika picha za Watalinga walitambuliwa okapi watatu tofauti, kwa sababu milia ya kila mmoja ina mpangilio wake, kama alama za vidole vyetu.

Hoja ya nne: nyama ya pori

Habari za picha zile zilipotolewa 2008, watafiti waliongeza jambo ambalo halikupata furaha ileile. Walisema kwamba nyama ya okapi, inayosemekana kutoka Virunga, inauzwa mara kwa mara katika mji wa Beni.

Wapendwa wasikilizaji, hapa ndipo kwagga anapofika sokoni kwetu. Ingieni katika soko lolote la Beni au la Butembo. Moto zinaingia zimebeba mizigo ya nyama iliyokaushwa kwa moshi, nyingine kutoka upande wa Manguredjipa, nyingine barabara ya Mambasa. Ukimuuliza mama anayeuza ni nini, atakujibu: nyama ya pori. Hakudanganyi. Yeye mwenyewe aliinunua kwa jina hilo, na aliyemuuzia vilevile. Katika fungu moja mnaweza kuwa na mboloko, ambao bado ni wengi mahali pengi, na nyani, na nguruwe mwitu, na kakakuona, na sokomutu, na okapi. Moshi umefanya rangi yao kuwa moja. Neno limefanya jina lao kuwa moja. Mwindaji alipomuua alijua vizuri kabisa amemuua nani, na alimwita kwa jina. Jina lile lilivuliwa njiani, mahali fulani kati ya kambi ya msituni na meza ya soko.

Okapi analindwa na sheria tangu 1933, enzi za wakoloni, na sheria ya 2014 ya kuhifadhi viumbe inaendelea kuwalinda wanyama walio hatarini. Tangu 2013 yumo katika orodha ya kimataifa ya wanyama walio hatarini kutoweka. Lakini askari wa parke hawezi kutumia sheria inayotaja okapi juu ya fungu linaloitwa nyama ya pori. Mnunuzi mwenye nia njema hana njia ya kukataa. Hata daktari anabaki gizani. Tulipopigwa na Ebola, kuanzia Agosti 2018 pale Mangina hadi Juni 2020, na zaidi ya watu 2,200 wakatutoka, tuliambiwa tuepuke nyama ya pori yote kwa jumla. Ushauri ulikuwa wa lazima wakati ule, na nisieleweke vibaya. Lakini nyama ya popo na nyama ya mboloko hazina hatari moja, nasi tulikuwa tumeshapoteza njia ya kuzitofautisha.

Kuna atakayesimama aseme: mwalimu, watu wanakufa. Tangu Oktoba 2014 watu wanachinjwa Mbau, Eringeti, Oicha, Kamango, na wewe unatuletea habari za majina ya wanyama. Neno hilo nimeambiwa na watu ninaowaheshimu, na nalijibu kwa unyenyekevu. Waliouawa ni watu wetu, na hakuna mnyama ninayemlinganisha na mmoja wao. Lakini angalieni nani hasa wamefukuzwa. Ni Bambuba waliokuwa na mashamba kandokando ya msitu. Ni Bambuti, ambao tangu vita hivi vianze wengi wao wanakaa pembeni mwa miji, mbali na njia zao za kuwinda. Walioleta neno okapi duniani ndio walioondolewa katika nchi yake. Mtoto wa Kimbuti aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi anamsikia babu yake akitaja wanyama ambao yeye hajawahi kuona hata nyayo zao. Babu akifa, hakutakuwa na mtu wa kusema kama neno lile lilikuwa la mnyama mmoja au la wawili. Wauaji wanachukua watu, na pamoja na watu wanachukua elimu. Kuitunza elimu hiyo ni sehemu ya kuwaheshimu waliokufa na waliokimbia.

Wala si watu wa upande wetu tu. Epulu, katika Ituri, ndipo makao ya Hifadhi ya Okapi, iliyoundwa 1992, ikawekwa katika Urithi wa Dunia 1996, na mwaka uliofuata tayari ikawa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Tarehe 24 Juni 2012 wapiganaji wa kiongozi wa waasi aliyeitwa Morgan walivamia kituo pale. Waliua watu, walinzi wakiwemo, wakachoma nyumba, na wakaua okapi 14 waliokuwa wakitunzwa kituoni, kati yao waliotunzwa kwa miaka mingi na watumishi waliomjua kila mmoja kwa jina. Nilipowasikia wenyeji wa Epulu wakisimulia, waliwataja waliokufa, watu kwanza, kisha okapi, mmoja mmoja.

Tunaloweza kuanza nalo

Sikuja kuomba fedha wala azimio. Nina mapendekezo, nayo yako ndani ya uwezo wa watu walioketi hapa.

La kwanza ni daftari la majina. Masomo ya sekondari ya Beni, Oicha, Mangina na Butembo yachukue kazi hii kuanzia mwaka wa masomo ujao: wanafunzi waende kwa wazee wa Bambuba, Balese, Bambuti, Bapere, Batalinga na Banande, waandike jina la kila mnyama katika lugha ya mzee mwenyewe, na waeleze mnyama anavyoonekana, anakula nini, analia vipi, na alionekana mara ya mwisho wapi. Sauti ya mzee irekodiwe kwa simu, maana o'api haiandikiki vizuri kwa herufi zetu. Mzee alipwe kwa muda wake kama mwalimu yeyote anayefundisha, na jina lake liandikwe katika ukurasa ikiwa amependa. Majina mawili ya mnyama mmoja yasifutwe hata moja. Pale ambapo mzee anasema kwamba wanyama wawili tunaowaita kwa neno moja ni tofauti, paandikwe kwa wino mwekundu, maana hapo pana kazi kwa watu wa elimu ya wanyama.

La pili ni soko. Nimezungumza na baadhi ya wamama wanaouza, na hawakunikataa. Hawataki kuonekana wahalifu, na wala sioni kwamba kesi inapaswa kuanzia kwao. Wanachoweza kufanya ni kudai kutoka kwa aliyeleta mzigo jina la kila mnyama kabla ya kununua, na kukataa fungu lisilo na jina. Mboloko auzwe kwa jina la mboloko. Tukifika hapo, fungu la okapi litakuwa gumu kuuza hata kabla askari hajafika, kwa sababu kuna mtu atakayelazimika kutamka neno lile mbele ya wanunuzi.

La tatu linahusu redio zetu za hapa, ambazo vijijini husikilizwa kuliko kitabu chochote. Dakika tano kwa wiki, mzee mmoja, mnyama mmoja, kwa lugha ya mzee na kisha kwa Kiswahili. Waandishi wa habari walio hapa, nimewaona mkiandika. Nawaomba tukutane kabla hamjaondoka.

Wazee wa Oicha na Mbau wamekubali kubaki Butembo hadi kesho mchana. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya daftari inaanza kesho saa mbili asubuhi katika chumba kilicho nyuma ya ukumbi huu. Tunahitaji wanafunzi wanaosikia Kimbuba, wawili wenye simu nzuri za kurekodi, na mtu mmoja anayechora. Karatasi ya kujiandikisha iko mlangoni, mkono wa kushoto.